Bi Ngojakwanza Anaogopa Kuku

Shujaa wa tano wa Fundi alikuwa ananing'inia kwenye ukingo wa jabali kwa vidole viwili pale wenzake walipopiga kura, na kura zote zikaenda kwa punda.

"Jamani, huyu ni Jemadari Radi!" Fundi alilalamika. "Ana upanga wa dhahabu! Haogopi kitu chochote chini ya jua!"

"Basi hataogopa kuanguka," alisema Nesi, huku akikoroga chai yake. "Kaptula anaogopa."

Kaptula ndiye punda. Aliingizwa mchezoni kubeba mizigo tu, lakini siku ya kwanza aligoma kuvuka daraja, siku ya pili akala ramani, na tangu hapo akawa mtu wa nyumbani. Kamba ilikuwa moja, ikatupwa kwa punda. Jemadari Radi akaenda zake chini na upanga wake wa dhahabu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama aliacha mjane.

Mchezo wenyewe hauna ugumu. Kila Jumamosi mchana watu wanne hukaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, chumba cha nyuma cha duka la Fundi, na kuingia nchi ya mazimwi bila kutoka kwenye viti. Mwalimu wa jiografia ndiye msimulizi: anawaambia mbele kuna pango, kulia kuna zimwi limelala, haya, mnafanyaje? Wengine watatu kila mmoja amejitungia mtu kwenye karatasi, na humsemea mtu huyo na kumfanyia maamuzi. Jambo likiwa gumu, inarushwa dadu yenye pande ishirini ndani ya mfuniko wa kopo la vifungo. Namba kubwa umepona, namba ndogo tutaonana peponi. Mhusika akifa, karatasi yake inakunjwa mara nne na kuzikwa kwenye kopo la biskuti lililoandikwa MAREHEMU kwa herufi nzuri sana, kwa sababu aliyeziandika ni Mchora Vibao, mchezaji wa tatu, na yeye hata akiandika "Usikojoe Hapa" unatamani kukiweka hicho kibao sebuleni.

Kulikuwa na sheria. Mchezaji akizika wahusika sita, anamwachia kiti chake aliye wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Na aliyeitunga sheria hiyo, mtacheka, ni Fundi mwenyewe, miaka miwili nyuma, alipotaka kumwondoa Kinyozi aliyekuwa akipuliza dadu ikiwa bado inazunguka. Kinyozi aliondoka. Sheria ikabaki, imebandikwa ukutani, inamkodolea macho aliyeitunga.

Maana Fundi sasa alikuwa na maiti tano. Kabla ya Radi walipita Mwanamfalme Nuru, Simba wa Kaskazini, Bwana Chuma, na mwingine ambaye hata baba yake mzazi, yaani Fundi, alishamsahau jina. Wote warefu. Wote na vifua vipana na sauti nzito. Wote waliachwa na wenzao mahali fulani, mmoja mtoni, mmoja kwenye moto, na Bwana Chuma alisahauliwa hotelini.

Mara Jirani wa duka la viatu akachungulia kwenye mlango wa uani, kiatu kimoja mkononi. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha.

"Hajambo Jemadari?"

"Amefariki," Mwalimu akasema.

"Oo, poleni sana!" Jirani alijitahidi kukunja uso, uso ukakataa, ukachanua. Akasogea hadi kwenye kiti cha Fundi, akabonyeza mto wake kwa kidole. "Samahani, na huu mto unakuja pamoja na kiti?"

Fundi alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Hebu fikirini. Duka lake, meza yake, chai yake, hata sufuria ni yake, halafu yeye asimame pale mlangoni na futi ya kupimia shingoni, awatazame watu wanacheza kama mteja anayesubiri suruali! Wiki nzima mtu huyu aliinamia mikunjo ya nguo za watu. Saa zile tatu za Jumamosi ndizo pekee alizokuwa akicheka hadi machozi, na alijua hivyo, na alikuwa tayari kulia kwa ajili yake.

Wengine walipoondoka, Mwalimu alibaki akifuta chaki kwenye mikono ya shati, kazi isiyokwisha.

"Rafiki yangu, nikuambie ukweli?"

"Sema tu. Nimeshauawa."

"Watu wako hawana kasoro. Mimi nikimtazama Jemadari Radi, sioni pa kumshika. Nesi ana mwizi anayezimia akiona damu. Mchora Vibao ana jitu linalotunga mashairi mabaya na kununa lisiposifiwa. Hao nawajua, nikiwa bafuni nawawaza. Wako nikimaliza mchezo nasahau. Wewe kila mtu unamshonea nguo ya kumficha."

Fundi aliitazama cherehani yake. Kwani kazi yake ilikuwa nini kingine? Mtu akija na tumbo, mshonee tumbo lisionekane. Akija na miguu ya upinde, suruali ipanuke kidogo magotini. Miaka thelathini alikuwa akipokea watu wenye kasoro na kuwatoa nje wamenyooka.

"Mchukue mtu unayemjua," Mwalimu akasema, "mlete mezani kama alivyo, usimtie hata pini. Na awe na kitu kimoja anachokiogopa kweli."

Jumatatu, akisaka vipimo vya suti ya bwana harusi, Fundi alifungua daftari lake la vipimo. Pembeni ya namba, kwa maandishi madogo ya siri, alikuwa na tabia ya kuandika mambo ya kumkumbusha. *Anavuta pumzi ukimpima kiuno, ongeza inchi mbili. Anasema nguo ni ya rafiki yake. Shingo: usimguse, anatekenywa.* Alisoma kurasa tano amesimama, halafu akavuta kiti. Lo! Kumbe watu aliokuwa akiwatafuta walikuwa humu ndani, wamelala, kurasa mia mbili.

Na ukurasa wenye maandishi mengi kuliko yote ulikuwa wa Dada.

Dada alimzidi Fundi miaka minane, na kwa ajili ya hiyo minane alijiona ana haki ya kumwamulia yote iliyosalia. Ndiye aliyemlea Fundi wakati mama yao yuko kazini kutwa. Ndiye aliyemchagulia ufundi, cherehani, miwani na daktari wa meno. Sasa alikaa mbele dukani, kwenye kaunta, na kati yake na chumba cha nyuma palikuwa na pazia tu. Kila sentensi aliianza na "Ngoja kwanza," na alipokuwa hana la kusema alisema, "Mimi sina la kusema," kisha anasema nusu saa. Ukurasa wake ulisema: *Kila mwaka anataka nafasi zaidi kiunoni, kila mwaka anadai kitambaa ndicho kimerudi. Mifuko miwili, mmoja wa peremende, anakana. Bega la kushoto limeshuka, weka pamba, usiseme kitu.*

Fundi alitazama pazia. Nyuma yake Dada alikuwa anamwambia mteja kwamba yeye hana la kusema kuhusu rangi ile, ila...

Basi Jumamosi iliyofuata, kwenye kijiji kilichokuwa kikiungua, alitokea mtu mpya: Bi Ngojakwanza, bibi mfupi mnene, mjuzi wa moto. Akinyoosha kidole, mlango wa chuma unayeyuka. Lakini kabla ya kunyoosha kidole lazima awaulize wote kama wamekula.

"Ngoja kwanza," Fundi alisema kwa sauti ya Dada, na mikono yenyewe ikampanda kiunoni. "Nyinyi mnataka kupigana na zimwi na mashati hayajachomekwa? Zimwi litatuonaje?"

Nesi alicheka chai ikamtoka puani. Mwalimu alisahau kusimulia, akabaki ameshika dadu. Zimwi lilipokuja, Bi Ngojakwanza alilitazama juu hadi chini na kuliambia yeye hana la kusema, na akasema, hadi zimwi likaketi, likakiri kwamba kweli halijaonana na mama yake muda mrefu.

Wiki ya pili alipoibiwa peremende, jitu na mwizi waliacha hazina ya mfalme wakaenda kumfukuza aliyeiba. Jirani alichungulia, akauliza, "Hajambo bibi?" akajibiwa na watu watatu kwa pamoja kwamba hajambo kabisa, asante, na afunge mlango. Fundi alirudi kwenye cherehani yake anapiga mluzi. Kichwa kilimvimba, tusifichane.

Na kichwa kikishavimba, mdomo unafuata.

Wiki ya tatu, Mwalimu aliwalaza wasafiri kwenye hoteli moja ya nchi ya mazimwi, na humo akamtia kuku mmoja, wa kawaida, anayedonoa makombo. Akamtazama Fundi kwa jicho la uchokozi, kwa sababu aliisoma karatasi: *Anaogopa: kuku.* Hapo Fundi angeweza kusema tu "anaogopa" yakaisha. Wapi! Alipanda juu ya kigoda, akajifunga kipande cha kitambaa cha pazia kama sketi, akakipandisha magotini, na kuwasimulia kisa chote ambacho mama yake alikuwa akikisimulia kila sikukuu: jinsi Bi Ngojakwanza, akiwa msichana wa miaka kumi, alivyofukuzwa na kuku mwenye vifaranga, akakimbia uwanja mzima akipiga kelele, akaparamia ukuta, akaanguka upande wa pili kifudifudi kwenye majivu, na kuku juu ya ukuta anamtazama. Aliigiza na kuku pia. Mchora Vibao aliteleza kutoka kwenye kiti akashika mbavu chini ya meza.

Halafu Fundi akaona pazia linatikisika, na chini yake viatu viwili vya Dada vikigeuka taratibu na kuondoka.

Dada hakusema kitu. Na hilo ndilo lililomtisha Fundi, maana Dada huyu alikuwa anaongea hata akiwa amebana pini mdomoni. Jumapili, kimya. Jumatatu, kimya. Jumanne aliwatumia wateja: "Mwambie Fundi chai ipo." "Mwambie Fundi amevaa soksi tofauti." Bwana harusi wa watu, aliyekuja kujaribu suti, alipita kwenye pazia mara sita kubeba ujumbe, na mwishowe akauliza kama kuna msiba.

"Dada, nisamehe," Fundi alisema Jumatano.

"Mwambie," Dada akamwambia mwanamke aliyeleta zipu, "sijakasirika."

Usiku haukulalika, mchana haukushoneka. Alhamisi Fundi alishona mkono wa koti kwenye shingo. Ijumaa akakata shauri. Bi Ngojakwanza atakufa. Atamzika mwenyewe kwenye kopo, karatasi ya sita, mbele ya macho ya Dada, ili ajue hatachekwa tena. Kiti kitakwenda kwa Jirani, na mto wake. Alilitamka hilo kimoyomoyo, akajikaza kisabuni.

Jumamosi Mwalimu akaanza: "Mko kwenye daraja la kamba. Chini ni korongo lisilo na mwisho. Kaptula amefika katikati, ameangalia chini, amegoma, analia. Na ng'ambo ya daraja amesimama," akanyamaza apate utamu, "kuku. Mkubwa kama nyumba."

"Bi Ngojakwanza anaruka korongoni," Fundi akasema.

Nesi alishusha kikombe mezani.

"Anafanya nini?" Nesi akauliza.

"Anaruka. Amechoka na maisha. Leteni kopo."

"Thubutu! Mwizi wangu anamshika sketi!"

"Sketi inachanika."

"Wewe ni fundi, sketi yako haiwezi kuchanika!"

"Jitu langu linalala chini ukingoni," Mchora Vibao akasema, sauti inatetemeka, "akiruka, aniangukie mimi. Nina nyama."

"Mwacheni mtu afe kwa amani!" Fundi alipiga meza, vifungo vikaruka. Macho yalimjaa maji, na Mwalimu akayaona, akaweka penseli chini. Mlangoni Jirani alikuwa ameshafika, amekuja na mto wake mwenyewe kabisa.

"Ngoja kwanza!"

Pazia lilifunguka kwa nguvu hadi pete mbili zikang'oka. Dada alisimama pale, mikono kiunoni, na Fundi aligundua kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa vilevile.

"Mimi sina la kusema," Dada akasema. "Ila unamuuaje? Wiki tatu nasimama nyuma ya hili pazia miguu inaniuma, wateja nawafukuza waje Jumatatu, nataka kujua zimwi lilienda kumwona mama yake au halikwenda, na wewe unamrusha korongoni? Amekukosea nini?"

"Dada, si ulikasirika? Nilikucheka. Kuku..."

"Kuku ni kweli! Kuku namwogopa mpaka kesho, hata wa kuchora. Nimekasirika kwa sababu umesimulia uongo. Umesema nilikuwa nakimbia peke yangu."

"Mama ndiye aliyesimulia hivyo."

"Mama hakuwepo. Wewe ndiye uliyekamata kifaranga. Una miaka miwili, hata kaptula huna, umekishika shingoni unacheka. Kuku akakujia machoni. Nikakunyakua, nikakuweka mgongoni, nikakimbia. Ukutani nikaona naanguka na wewe, nikageuka nikaangukia bega, maana ningeanguka chali ningekuangukia. Lilipasuka kama kuni. Mama aliporudi nikamwambia nilianguka mwenyewe. Ningemwambiaje kwamba nilimwangusha mwanawe? Angenichapa. Basi akacheka, na mkacheka wote miaka hamsini, nami nikawaacha mcheke."

Nesi, ambaye mifupa ni kazi yake, alimtazama Dada kwenye bega la kushoto na kumeza mate. Fundi hakuhitaji kutazama. Mikono yake ililijua bega lile kuliko mtu yeyote. Miaka thelathini alilipima, akaandika kwamba limeshuka, akalitia pamba, akajisifu kimya kimya kwa kutosema kitu, na hata siku moja hakuuliza. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Dada," akasema, na sauti ikamkatikia hapo.

"Usinililie, utaloanisha suti ya watu. Sogea."

Akasogea. Dada akakaa kwenye kiti, akaurekebisha mto, akavuta karatasi ya Bi Ngojakwanza na kuisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye kiuno alisonya. Kisha akamwelekea Mwalimu.

"Haya wewe, baba. Kuku bado yupo?"

"Bado yupo, Dada."

"Mkubwa kama nyumba?"

Mwalimu alionekana kujuta. "Naweza kumpunguza."

"Mwache." Dada alishusha pumzi. Aliikamata meza kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. "Bi Ngojakwanza anaogopa. Analia, kamasi zinamtoka. Anaingia darajani. Anamfuata yule punda, anamweka mgongoni, na anavuka naye."

"Punda?" Mchora Vibao akauliza. "Mgongoni?"

"Kwani nimesema chini ya kwapa?"

Mwalimu alimsogezea dadu kwa mikono miwili. "Ni jambo gumu sana, Dada. Itabidi upate kumi na nane au zaidi."

Dada akarusha. Dadu ikazunguka kwenye mfuniko, ikagonga kifungo, ikalala. Wote wakainama.

Nne.

Mlangoni Jirani alikuwa ameukumbatia mto wake. Mwalimu aliitazama ile nne, akamtazama Fundi aliyekuwa amesimama ukutani na futi shingoni, halafu akasema polepole, "Kamba ya daraja inakatika. Anaanguka. Lakini anapoanguka anageuka, na anaangukia ukingo wa ng'ambo kwa bega la kushoto. Punda hajaumia hata unywele. Na kuku," akakohoa, "kuku alivyomwona bibi anamjia na punda mgongoni, amekimbia."

Walipiga kelele hadi watu wa mtaani wakasimama. Nesi alimkumbatia Dada, Mchora Vibao alimkumbatia Jirani kwa makosa. Mwalimu akaichukua karatasi, na chini ya mstari wa kasoro akaandika kwa penseli: *Bega la kushoto limeshuka.*

"Andika na sababu," Fundi akasema.

Mwalimu akaandika na sababu.

Mchezo uliendelea hadi jua likainama. Dada hakuinuka kwenye kile kiti, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha kina mwenyewe. Fundi alibaki amesimama karibu na mlango, akimimina chai, akicheka hadi machozi, na ilipofika saa ya kufunga duka ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa amesimama muda wote.

Jumatatu alimpima Dada nguo mpya. Kiuno kilikuwa kimeongezeka, kitambaa ndicho kilichorudi. Alipofika begani alisita, futi mkononi.

"Dada, hii nikushonee bila pamba? Kama lilivyo?"

"We! Nichekwe na nani?" Dada akamtazama kwenye kioo. "Tia pamba. Huko mezani wanajua, wanatosha. Na ngoja kwanza, soksi zako leo tena ni tofauti."